Jinsi ya kutambua na kukusanya spana za zamani za jeshi

Muuzaji akikuambia spana hii ni ya jeshi ya Vita vya Pili, usibishane nae, ipindue tu usome chapa. Na brashi ya waya iweke mbali kwanza! Kitambaa na mafuta ya taa kidogo vinatosha, futa taratibu halafu iinamishe mwanga uipige kwa ubavu, herufi zilizogongwa zitajitokeza zenyewe.

Za Uingereza ndo rahisi kuliko zote, tafuta kamshale kenye mistari mitatu inayokutana juu, mara nyingi kako kati ya W na D (War Department, wizara ya vita ya Uingereza) na mwaka uko hapo pembeni, tuseme 1943. Kamshale kakiwa ndani ya herufi C hiyo ni ya Kanada. Za Marekani nyingi zina U.S. na jina la kiwanda, Bonney, Herbrand, Plomb, Vlchek, ila hao waliuzia raia pia kwa hiyo jina peke yake si ushahidi. Ukikuta namba ndefu inayoanza na 5120, hilo ni kundi la vifaa vya mkono: tarakimu 13 ni mfumo wa NATO wa namba za vifaa, Marekani waliuanza 1974, na 11 ni ule wa kabla yake, ambao nao ulikuja baada ya vita. Kwa hiyo mtu akiapa ni ya 1944 na namba hiyo ipo, we muache na hadithi yake.

Saizi nayo inachanganya watu sana. Spana ya Kiingereza ya 1/4 W (W ni Whitworth, kipimo cha zamani cha bolti cha Kiingereza) mdomo wake sio robo inchi, hicho ni kipenyo cha bolti, mdomo wenyewe ni kama milimita 13.3, na ndo maana mara nyingi pembeni imeandikwa pia 5/16 BS (British Standard, kipimo kingine cha bolti cha Kiingereza), mdomo ni ule ule. Beba kalipa, kile kifaa cha kupimia upana, upime mdomo mwenyewe.

Wakati wa vita kromu na nikeli vilikuwa adimu, kwa hiyo spana nyingi za Marekani zilipakwa kadimiamu, metali yenye ile rangi ya kijivu iliyofifia. Vumbi lake ni sumu jamani, usipige msasa, usipitishe grenda wala kuichoma moto. Na ya 1943 inayong'aa kromu kama kioo, mi ningeitilia shaka.

Za Kijerumani zenye tai na WaA (Waffenamt, idara ya silaha ya jeshi lao) zinaghushiwa mno maana ndo zinalipa. Chukua lenzi uangalie ndani kabisa ya herufi: chapa ya zamani ina weusi na kutu sawa na chuma kilichoizunguka, ya juzi chini inang'aa na kingo zimevimba.

Seti kamili kwenye mfuko wake wa turubai ipo lakini nyingi zimeungwa-ungwa, sio dhambi, ila kagua moja moja na ulipe bei ya moja moja. Ukishanunua zipake oili nyepesi, na usizirudishe kwenye turubai lenye unyevu, kutu itaanzia hapo hapo kwenye chapa.