Namna ya Kuhudhuria Msiba wa Jirani wa Dini Nyingine

Katika miji yetu, kuanzia Mombasa hadi Mwanza, ni nadra mtu kumaliza mwaka bila kuitwa kwenye msiba wa watu wasio wa dini yake. Wengi huenda kwa nia njema kabisa, kisha hujikunyata pembeni mwa turubai wakiogopa kukosea. Dawa ya hofu hiyo ni kujua kwanza wafiwa wanaamini nini kuhusu mahali alipo marehemu wao, kwa kuwa karibu kila kinachotendwa msibani, tangu mwili unavyooshwa hadi chakula kinachopakuliwa, kinatokana na imani hiyo. Aliyeielewa hahitaji kukumbushwa kila hatua.

Kabla ya yote, ulizia saa ya maziko. Mkristo aliyezoea misiba inayosubiri ndugu wafike kutoka mikoani anaweza kupanga kwenda kwa jirani yake Mwislamu kesho kutwa, akakuta maziko yalifanyika jana baada ya sala ya alasiri. Katika Uislamu, kumharakishia maiti kaburi lake ni sehemu ya kumheshimu. Jamii ina wajibu wa mambo manne kwa marehemu, yaani kumwosha, kumkafini kwa sanda, kumsalia na kumzika, na wajibu huo huitwa faradhi ya kifaya, maana yake wakiutekeleza baadhi ya Waislamu wengine husameheka, ila wasipojitokeza hata wachache, jamii nzima hupata dhambi. Ndiyo maana utaona watu wasiomfahamu kabisa marehemu wakikimbilia kupokezana jeneza begani.

Uoshaji na uvishaji wa sanda hufanywa faraghani na Waislamu wa jinsia ya marehemu, isipokuwa kwa mume na mke, basi mgeni asiulize wala asichungulie. Mwanamume asiye Mwislamu anaweza kuongozana na jeneza hadi msikitini na kusubiri nje kwa utulivu. Asiende mbali, kwani sala ya jeneza huswaliwa kwa kusimama tu, ikiwa na takbira nne, yaani kutamka "Allahu Akbar" mara nne, haina rukuu (kuinama) wala sijda (kusujudu), na humalizika kwa dakika chache. Makaburini maiti hutolewa kwenye jeneza na kulazwa ubavu wa kulia ndani ya mwanandani, yaani shimo dogo lililochimbwa ndani ya kaburi, uso ukielekezwa Kibla. Kisha huzibwa kwa mbao, udongo hurejeshwa, na jeneza lenyewe hurudi msikitini kumsubiri mwingine. Hakuna mashada ya maua wala hotuba ndefu za kumsifu marehemu. Katika desturi za pwani wanawake hubaki nyumbani, kwa hiyo mgeni wa kike aende walipo wanawake wenzake akiwa amejitanda kanga au mtandio kichwani.

Waislamu wenyewe, wanapopata tanzia, husema "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun", yaani sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake Yeye tutarejea. Asiye Mwislamu atasikika vizuri akisema tu "Poleni kwa msiba, Mwenyezi Mungu amrehemu", huku akitoa rambirambi yake. Matanga kwa kawaida hukaliwa siku tatu. Mjane hubaki katika eda kwa miezi minne na siku kumi, au hadi ajifungue akiwa mjamzito, na muda huo hajipambi wala hahudhurii sherehe. Usimpelekee kadi ya harusi ukamtia katika unyonge wa kukataa. Kuhusu hitima, yaani kisomo cha kumwombea marehemu, na arobaini, kisomo cha siku ya arobaini, Waislamu wenyewe wanatofautiana, kwani wako wanaozisoma kwa moyo wote na wako wanaoziita bidaa, yaani uzushi katika dini. Mgeni hana sababu ya kuingilia mjadala huo, hasa sahani ya pilau ikiwa mkononi mwake.

Kwa upande wa Wakristo, kosa la wageni wengi ni kudhani kwamba makanisa yote yanasema jambo moja kuhusu wafu. Msingi ni mmoja, nao ni ufufuo: kwa kuwa Kristo alifufuka, waliokufa katika yeye nao watafufuliwa. Ila katika swali la hali ya marehemu kwa sasa, njia zinaachana. Wakatoliki huamini kwamba roho iliyokufa katika neema lakini bado haijatakata kikamilifu hupitia toharani, na kwamba sala za walio hai humsaidia. Kwa hiyo Misa ya mazishi ni ya kumwombea marehemu, na utasikia mara kwa mara kiongozi akisema "Raha ya milele umpe, ee Bwana", na watu wakiitikia "na mwanga wa milele umwangazie". Walutheri hawana fundisho la toharani, hivyo ibada yao inalenga zaidi kuwafariji wafiwa na kuwakumbusha tumaini la ufufuo. Wasabato nao hufundisha kwamba wafu wamelala, hawajui neno lolote, hadi Kristo atakaporudi. Ukimwambia mfiwa Msabato kwamba mama yake anamtazama kutoka mbinguni, umempa faraja ambayo imani yake inaikanusha.

Ukiingia kanisani, simama wanaposimama wengine na ukae wanapokaa. Huhitaji kupiga magoti wala kufanya ishara ya msalaba. Wakati wa komunyo katika Misa, asiye Mkatoliki hubaki kwenye benchi, na hilo halimvunjii mtu heshima. Kuaga mwili ni jambo jingine linalowasumbua wageni, hasa Waislamu. Jeneza hufunguliwa, watu hupita kwa mstari, wengine huweka mkono juu ya jeneza au kuinamisha kichwa. Unaweza kupita bila kutazama, na unaweza pia kubaki mahali pako. Katika umati ule hakuna anayehesabu. Makaburini mshereheshaji huita makundi kuweka mashada: watoto, wajukuu, wafanyakazi wenzake, jumuiya, kisha majirani. Subiri kundi lako liitwe, kwani utaratibu huo una uzito wake kwa familia.

Kwa Wahindu, mambo hubadilika tangu kwenye msingi. Wao huamini kwamba atma, nafsi ya mtu, haizaliwi wala haifi. Bhagavad Gita, kitabu chao kitakatifu, inasema atma huvua miili iliyochakaa kama mtu anavyovua nguo kuukuu na kuvaa mpya. Mzunguko wa kuzaliwa upya huitwa samsara, matendo yanayouendesha ni karma, na kuokoka kutoka humo ni moksha. Mwili basi hauna sababu ya kuhifadhiwa. Huoshwa, hupambwa kwa maua na kuchomwa, mara nyingi mtoto wa kiume mkubwa ndiye awashaye moto, na majivu hutiwa mtoni au baharini. Watoto wachanga na baadhi ya watawa huzikwa. Vaa nguo nyeupe au za rangi iliyopoa. Nyeusi si rangi yao ya msiba. Wageni wengi huitwa kwenye kikao cha sala kiitwacho prarthana sabha, ambapo huvua viatu, hukaa wakisikiliza nyimbo za ibada, kisha huondoka wakiwa wameunganisha viganja mbele ya wafiwa, bila mazungumzo marefu. Ukipeleka chakula, kisiwe na nyama, samaki wala mayai.

Kuchoma maiti huwashtua Waafrika wengi, ingawa si Wahindu pekee wanaochagua hivyo. Mwili wa Wangari Maathai, mwanamazingira wa Kenya, ulichomwa Kariokor, Nairobi, Oktoba 2011, baada ya kulazwa katika jeneza la magugu maji, mafunjo na mianzi kwa sababu hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake. Kanisa Katoliki nalo liliruhusu uchomaji mwaka 1963, kwa sharti kwamba usiwe wa kukana ufufuo, na mwaka 2016 likasisitiza kuwa majivu yawekwe mahali patakatifu, yasitawanywe.

Masingasinga pia huchoma maiti, lakini wanamwabudu Mungu mmoja, Waheguru, na hawana sanamu. Katika gurdwara, nyumba yao ya ibada, kila mtu, hata mgeni, hufunika kichwa, huvua viatu na kukaa sakafuni bila kunyoosha miguu kuelekea kitabu chao kitakatifu, Guru Granth Sahib. Mwishoni hugawiwa karah parshad, tamutamu laini ya unga wa ngano, samli na sukari. Ipokee kwa viganja viwili vilivyokusanywa, wala usiombe sahani. Baada ya hapo hufuata langar, mlo wa bure wanaokula wote wakiwa wamekaa usawa mmoja. Wasafiri wa barabara ya Mombasa na Nairobi wameuonja katika gurdwara ya Makindu.

Wabudha hawafundishi kwamba kuna nafsi isiyobadilika, ingawa wanaamini kuzaliwa upya. Katika mazishi ya Wabudha wa Sri Lanka, ndugu humimina maji taratibu kutoka kwenye birika hadi kikombe kifurike, huku watawa wakisoma, ili thawabu ya matendo mema imfikie marehemu. Nyamaza mpaka tone la mwisho. Kwa Wayahudi, maziko huwa ya haraka na maua hayapelekwi. Mwenye kuzuru kaburi huweka jiwe dogo, na familia ya karibu hukaa nyumbani siku saba za maombolezo ziitwazo shiva, ambapo wageni huja na chakula na kumwachia mfiwa aanze kuzungumza.

Wabahai, wafuasi wa dini iliyoanzishwa na Bahá'u'lláh, huzika, na sheria yao inakataza kuusafirisha mwili zaidi ya mwendo wa saa moja kutoka mahali mtu alipofia. Kwetu, ambako kumrudisha marehemu kwao ni jambo la fahari, sharti hilo huwashangaza wanakamati. Ukiteuliwa kwenye kamati ya mazishi ya jirani Mbahai, uliza kaburi litakuwa wapi kabla hujaanza kuchangisha fedha za kukodi basi la kwenda kijijini.