Namna ya kuisoma Ready Player One ukaifaidi hata kama hujawahi kushika Atari

Wengi wanaianza hii riwaya ya Ernest Cline halafu wanaiacha njiani, wanasema majina yamezidi, kila baada ya mistari miwili kuna gemu ya mwaka 1982 au muvi ambayo hujawahi kuisikia. Nawaelewa kabisa. Kitabu kilitoka 2011, mwandishi ni Mmarekani aliyekulia miaka ya 80 na kamwaga utoto wake wote humo, sasa wewe uliyeanza na Contra kwenye TV gemu ya kanda mtakutana wapi? Mtakutana tu, ila usikisome kama unajiandaa na mtihani.

Kwanza acha kugugo kila jina. Bendi usiyoijua pita nayo, stori haitakatika. We shika haya: Wade, kijana maskini wa Oklahoma City anaishi kwenye matrela yaliyopandanishwa kama ghorofa, muda mwingi kavaa miwani yuko ndani ya OASIS, dunia ya kompyuta ambako watu wanasoma shule, wanafanya kazi, wanapigana. Aliyeitengeneza, Halliday, kafa na utajiri wake kamwachia yeyote atakayepata yai alilolificha humo. Funguo tatu, mageti matatu.

Ila kwenye yai usikimbie, pale ndo moyo wa kitabu. Kwenye gemu, yai (Easter egg) ni kitu cha siri ambacho mtengenezaji kakificha humo. Zamani Atari, kampuni ya gemu za TV, walikuwa hawaweki jina la mtu aliyetengeneza gemu. Warren Robinett alipotengeneza gemu ya Adventure ya mashine yao ya Atari 2600 akaficha chumba cha siri bila kuwaambia, na ili ukifikie lazima uokote kidoti kimoja cha kijivu, rangi ileile ya pale kilipo kwa hiyo hukioni, ukibebe mpaka sehemu fulani ndo ukuta unakubali kupitika, ndani unakuta jina lake. Basi. Alitaka tu ijulikane kazi hii kaifanya nani. Mimi nilipolielewa hilo Halliday alibadilika kabisa machoni pangu, nikaacha kumwona tajiri mwenye vituko nikaona mtu mpweke aliyetaka watu wamjue.

Kwa hiyo cheza kabla hujasoma, au soma huku unacheza. Internet Archive wana gemu nyingi za zamani unazicheza bure kwenye brauza, ila tumia kompyuta maana kwenye simu vidole vinasumbua. Adventure ina kilobaiti 4 tu, picha moja ya WhatsApp inaizidi mbali, na wewe mwenyewe ni kiboksi kinachotembea, lakini lile joka likikutokea utashtuka, amini.

Halafu tafuta mtu mcheze Joust wawili. Umepanda mbuni, una mkuki, kila ukibonyeza mbuni anapiga mabawa, mkigongana aliye juu ndo kashinda. Kuna mechi ya Joust mapema kwenye kitabu, ukiwa umeshaicheza utaisoma mikono inatoka jasho, ukiwa hujaicheza ni maneno tu. Pac-Man nayo hivyohivyo, jua tu kwamba levo ya 256 nusu ya skrini inavurugika na kwamba alama kamili ni 3,333,360, utaona Wade anavyohangaika nazo.

Zile aya ambazo Cline anapanga orodha ya muvi na katuni ziruke bila huruma. Sehemu za Wade kumng'ang'ania Art3mis, msichana anayelitafuta yai pia, mimi zilinikera, lakini zisikukatishe tamaa, nusu ya pili inakimbia balaa.

Muvi ya Spielberg ya 2018 iache mpaka umalize, maana inaanza na mashindano ya magari ambayo kitabuni hayapo kabisa na changamoto karibu zote wamezibadilisha. Kama kusoma Kiingereza kirefu kunakuchosha sikiliza toleo la sauti, anasoma mwigizaji Wil Wheaton, na kuna mahali anajikuta anasoma jina lake mwenyewe, sikusemei ni wapi.