Kabla ya Kaye ya Kwanza: Mambo ya Kuzingatia Nyumbani

Mwezi wa nane ukikaribia kwisha, wauzaji wa kaye (daftari za shule), kalamu na vibao hupanga bidhaa zao kando ya njia za Kadutu na Nyawera, na wazazi wa Bukavu huanza kuhesabu fedha zao. Ni jambo jema, ila mtoto wa miaka 3, 4 au 5 haanzi kusoma kwa kaye. Huanza kwa sikio, kisha kwa mdomo, na kazi hiyo hufanyika nyumbani muda mrefu kabla ya mwalimu wa darasa la kwanza kuandika herufi ubaoni. Haya yafuatayo ndiyo yanayofaa jamaa iyatazame kabla ya kufungua mfuko.

La kwanza ni masikio yenyewe. Mtoto asiyesikia vizuri hawezi kusema vizuri, na wapo wengi walioitwa wakaidi nyumbani kumbe hawakusikia walichoambiwa. Kabla hajatimiza mwaka mmoja, mtoto hugeuka akiitwa na hutamka silabi zinazojirudia, ba-ba, ma-ma. Karibu na mwaka 1 hutoa neno lake la kwanza. Akifika miaka 2 huunganisha maneno mawili, kama vile "leta maji". Na akiwa na miaka 3 hata mgeni aliyepita kusalimia huelewa sehemu kubwa ya anayoyasema. Watoto hawalingani, na tofauti ya miezi michache si ugonjwa. Lakini yule asiyetamka silabi hizo akiwa na miezi 12, asiye na neno hata moja akiwa na miezi 18, asiyeunganisha maneno mawili akiwa na miaka 2, au aliyekuwa akisema kisha akaacha, apelekwe kituo cha afya bila kungojea, hasa ikiwa aliwahi kuugua surua au homa ya uti wa mgongo, au ikiwa sikio lake hutoa usaha mara kwa mara. Sikio la namna hiyo halitiwi mafuta wala maziwa ya mama. Linahitaji kukaushwa na kutibiwa. Wapo pia watakaokushauri umkate mtoto kamba iliyo chini ya ulimi. Mara nyingi kuchelewa kusema hakutokani na ulimi, kwa hiyo ushauri huo usifuatwe kabla ya daktari kumwangalia.

La pili ni lugha, na hapa ndipo jamaa nyingi za mji wetu hujikwaa. Baba huongea Mashi na mama yake mzazi, Kiswahili na mke wake, lakini akimgeukia mtoto hubadilika ghafla: "Assieds-toi hapo, kula vite!" (keti hapo, kula haraka). Nia yake ni njema, kwa kuwa anataka mtoto afike shuleni akiwa tayari na Kifaransa. Tatizo ni kwamba Kifaransa hicho kina amri tu: kaa, kula, nyamaza, lala. Hakina maelezo, hakina utani, hakina "kwa sababu". Baba huyo huyo akitumia lugha anayoimiliki anaweza kumweleza mtoto kwa nini sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, huvuliwa usiku kwa taa, kwa nini bugali hukazana kadiri unavyousonga, na bibi yake alikuwa akiishi wapi kabla ya kuhamia mjini. Mtoto aliyezoea kusikia sababu na mfuatano wa mambo katika lugha moja huvuka na uwezo huo hadi lugha nyingine. Aliyezoea amri peke yake hana cha kuvuka nacho.

Kwa hiyo jamaa ikae na ikubaliane mapema nani ataongea lugha gani na mtoto. Bibi abaki na Mashi yake, au Kirega, au Kihavu. Wazazi watumie ile wanayoweza kubembelezea na kugombezea bila kutafuta maneno. Lugha mbili au tatu hazimharibu mtoto wala hazimletei ugonjwa wa kusema, na akizichanganya katika sentensi moja bado anajifunza. Asiyeamini akumbuke kwamba Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, ingawa inaweka Kifaransa kuwa lugha rasmi, inataja Kiswahili pamoja na Kikongo, Kilingala na Chiluba kuwa lugha za taifa, na sheria ya elimu ya mwaka 2014 inakubali lugha za taifa na zile za mazingira ya mtoto zitumike kufundishia. Kwamba shule nyingi hazifanyi hivyo ni habari nyingine.

Baada ya lugha, upangwe wakati. Hauhitaji saa maalumu. Unahitaji kazi za kila siku zifanywe kwa maneno. Mtoto anayeshuka ngazi na mama yake kwenda sokoni ahesabu ngazi kwa sauti, ataje anachokiona, aulizwe swali ambalo jibu lake si "ndiyo" tu, kisha mkubwa angoje. Kungoja ni kugumu kuliko kuuliza. Wengi wetu humjibia mtoto kabla hajavuta pumzi. Akikosea, asichekwe wala asikatizwe: akisema "gari iliendaka", mkubwa amjibu kwa utulivu, "Naam, gari lilikwenda, lilikwenda wapi?" na maneno sahihi yatakuwa yamesikika bila kesi. Umeme ukikatika jioni, jambo ambalo hakuna mkaaji wa Bukavu asiyelijua, giza hilo ni nafasi nzuri ya hadithi na vitendawili. Simu isishike nafasi hiyo. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya miaka 2 asiwekwe mbele ya kioo cha simu au televisheni kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku. Na kwa zile jamaa zilizokimbia na kuhama, zijue kwamba mtoto aliyeshtuka anaweza kunyamaza kwa muda. Huyo hahitaji mazoezi bali watu wake karibu, wimbo anaoujua, na hadithi ile ile kila usiku.

Sasa herufi. Kabla ya kuziandika, mtoto acheze na sauti zake: apige makofi kwa kila silabi ya jina lake, atafute maneno yanayoanza kama "mama", aseme "kata" bila "ka" libaki nini. Kiswahili ni lugha yenye huruma katika kusoma, kwani irabu zake ni 5 tu, kila moja ina sauti moja isiyobadilika, na silabi zake karibu zote huishia na irabu, kiasi kwamba anayejua ba, be, bi, bo, bu tayari ameshika njia ya ma, me, mi, mo, mu. Fundisha sauti kabla ya jina la herufi. Mtoto aliyekaririshwa majina ya alfabeti ya Kifaransa akiona "b" na "a" husema "be-a", na ana haki, kwa kuwa ndivyo alivyoambiwa.

Mzazi wa Bukavu ajiandae kwa mitego mitatu ambayo vitabu vilivyochapwa Dar es Salaam au Nairobi havimwonyi. Wa kwanza ni "m": sisi nyumbani husema "mutoto" na "mutu", lakini kitabu huandika "mtoto" na "mtu", na mwanafunzi mdogo hutafuta ile "u" asiione. Mwambie wazi kwamba kuna namna ya kusema kwetu na namna ya kuandika kitabuni, wala usimwambie kwamba ya kwetu ni mbaya. Wa pili ni "ch", ambayo katika "chakula" ina sauti moja na katika Kifaransa husomwa kama "sh", kama vile "ou" ya Kifaransa ilivyo "u" yetu. Wa tatu uko katika majina yetu wenyewe: mtoto anayeitwa Cikuru hutamkwa "Chikuru", kwa sababu Mashi huandika "c" peke yake. Kwa kuwa jina ndilo neno la kwanza ambalo mtoto hutaka kulisoma, afadhali alielezwe mapema.

Vitabu vya watoto ni vichache na bei yake ni kali, lakini maandishi hayakosekani. Mfuko wa unga, kipande cha sabuni, kibao cha duka la dawa, kitabu cha nyimbo cha kanisani, noti ya pesa: vyote vina herufi na tarakimu za kuonyesha kwa kidole. Karatasi chache zilizokunjwa na kushonwa kwa uzi zinatosha kutengeneza kitabu cha nyumbani, mtoto akichora na mkubwa akiandika chini maneno ambayo mtoto mwenyewe ameyasema. Kitabu cha namna hiyo husomwa mara 20 bila kuchosha, kwa kuwa aliyekitunga ndiye anayekisoma.

Mkono huja mwisho, na usiharakishwe. Kuchambua sombe (majani ya muhogo), kupukuchua mahindi na kufinyanga udongo hutia vidole nguvu kuliko kunakili mistari ya "a" hadi machozi yatoke. Watoto wengi huweza kuchora duara karibu na miaka 3, msalaba karibu na 4, mraba baadaye kidogo, na asiyeweza bado kuchora msalaba hana haja ya kubanwa aandike "k". Aanze kwa fimbo ardhini, kisha kwa chaki kwenye ardwazi, yaani kibao kidogo cha kuandikia, inayofutika bila aibu. Anayetumia mkono wa kushoto aachwe autumie; mwanangu mmoja alipigwa kwenye vidole kwa sababu hiyo na mwalimu aliyedhani anamsaidia, akakaa wiki nzima hataki kushika chaki.

Bure ya elimu iliyoanza mwaka 2019 ni ya shule za msingi za serikali, si ya shule za watoto wadogo, kwa hiyo wengi watafika darasa la kwanza, wakiwa na miaka 6, wakitoka nyumbani moja kwa moja. Kabla ya kumwandikisha, mzazi aulize mambo mawili: mwalimu wa darasa la kwanza hutumia lugha gani siku za mwanzo, na anafundisha mwandiko wa kuunganisha au wa herufi zilizoachana, ili nyumbani wasimfundishe mtoto umbo litakalofutwa wiki ya pili. Kaye yenyewe inaweza kununuliwa siku ya mwisho, na ukurasa wake wa kwanza aachiwe mtoto achore anachotaka.