Kabla hujanunua rauta ya nyumbani

Kwa mnaotaka kuunganisha kompyuta mbili tatu, printa na simu za nyumbani hapa Kigoma, jamani msinunue rauta (kile kifaa kinachogawa intaneti) kwa kuhesabu antena. Kwanza jua intaneti inaingiaje, kama faiba, yaani intaneti ya waya, haijafika mtaani kwako chukua rauta ya 4G yenye sehemu ya kuchomeka laini, na muulize muuzaji kabisa kama haijafungwa kwa mtandao mmoja maana siku ukitaka kuhama itakusumbua.

Halafu masafa ya mawimbi ya waifai, yaani gigahezi 2.4 au 5, hili watu wengi hawaulizi na ndo linaumiza. Nyumba nyingi za Mwanga na Ujiji ni tofali, kuta nene, sasa gigahezi 5 ina spidi kweli ila ikivuka ukuta wa pili inachoka, ile ya 2.4 inafika mbali lakini spidi yake ndogo na inaingiliana na waifai za majirani, kwa hiyo tafuta inayotoa zote mbili, uiweke juu katikati ya nyumba, sio nyuma ya tivii. Kompyuta ya mezani we ipe kebo tu. Matundu ya kuchomeka kebo ya megabiti 100 yanatosha kwa bando za kawaida, ila kama unahamisha video kubwa kati ya kompyuta na kompyuta nenda na ya gigabiti.

Na umeme ukikatika? Soma chaja yake, nyingi ni volti 12, utafute betri ndogo ya akiba inayotoa volti hizohizo, zikizidi unaiunguza. Pasiwedi ya kiwandani badilisha siku hiyohiyo, na kwenye mipangilio ya rauta, aina ya ulinzi wa waifai weka WPA2 au WPA3.