Kabla ya Kuomba Ruzuku ya Taka za Sola, Jua Betri Itaishia Wapi

Kikundi chochote cha Tanga kinachokusudia kuomba ruzuku ya kupunguza taka za kielektroniki zitokanazo na taa na mitambo midogo ya sola hakina budi kuanza na swali ambalo wapitiaji wa maandiko ya miradi huliuliza mapema: betri mtakayoichukua kwa mwananchi itaishia wapi? Nilishiriki kuandaa andiko lililokuwa na mpango mzuri wa vituo vya kukusanyia kuanzia Mkinga hadi Pangani, nalo likakataliwa kwa sababu upande wa betri za lithiamu hatukuwa na jibu. Uamuzi ule ulikuwa wa haki, kwa kuwa kukusanya taka pasipo kujua ziendako ni kuzitoa katika nyumba nyingi na kuzirundika katika chumba kimoja.

Kabla ya kuandika lolote, pimeni. Kwa muda wa miezi mitatu hivi, wekeni daftari na mizani kwa mafundi wa Ngamiani, jijini Tanga, na kwa wavuvi wa dagaa wanaotumia taa za betri usiku, muandike kila kifaa kibovu kinacholetwa: ni cha aina gani, kina uzito gani, betri yake ni ya risasi au ya lithiamu, kimetumika miaka mingapi, kimeharibika wapi, na kama kinatengenezeka. Safu hiyo ya mwisho ndiyo ninayoithamini kuliko zote, kwa sababu taa iliyotupwa mara nyingi ina swichi iliyovunjika, waya uliokatika au tundu la kuchajia lililoliwa na chumvi ya pwani, huku paneli na balbu zake zikiwa bado nzima. Ruzuku ya kupunguza taka haihusu kurejeleza peke yake. Taa iliyotengenezwa ikarudi kwa mwenyewe haijawa taka, na gharama ya kuitengeneza mara nyingi ni ndogo kuliko ya kuisafirisha na kuivunja.

Betri za risasi na za lithiamu zinahitaji mipango miwili tofauti, na hapa ndipo maandiko mengi huyumba. Betri ya asidi ya risasi, ambayo zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi, ina mnunuzi tayari, kwani wanunuzi wa vyuma chakavu huifuata hadi vijijini. Hatari yake imo katika namna inavyoshughulikiwa: asidi humwagwa chini ili ibebeke kwa urahisi, kisha risasi huyeyushwa mahali pasipo na kizuizi chochote cha moshi na vumbi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na wanaodhurika zaidi ni watoto wadogo ambao ubongo wao ungali unakua. Kwa hiyo andiko liseme wazi kwamba betri itapokelewa ikiwa nzima pamoja na asidi yake, na kwamba bei itakayolipwa inaweza kushindana na ya mnunuzi wa mtaani. La sivyo mtabaki na vituo vitupu.

Betri ya lithiamu ina tatizo la kinyume chake. Taa nyingi za sola za siku hizi hutumia lithiamu yenye chuma na fosfati, ambayo haina kobalti wala nikeli, kwa hiyo mrejelezaji hapati kitu cha thamani kubwa ndani yake na huenda akataka alipwe ndipo aipokee. Gharama hiyo iwekwe kwenye bajeti kwa kilo, ikiambatana na barua ya mrejelezaji mwenye kibali inayotaja bei na kiasi atakachopokea. Ikiwa mzigo utapelekwa nje ya nchi, kumbukeni kwamba tangu tarehe 1 Januari 2025 Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa unaosimamia usafirishaji wa taka kati ya nchi na nchi, unataka nchi inayopokea iridhie kwanza, hata kama taka hizo za kielektroniki hazihesabiwi kuwa hatarishi. Muda wa kusubiri ridhaa hiyo uonekane katika ratiba ya mradi.

Kwa upande wa sheria, someni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za taka za vifaa vya umeme na kielektroniki za mwaka 2021, kisha muwaone NEMC, chombo cha serikali kinachosimamia mazingira, kuhusu vibali vya kukusanya, kuhifadhi na kusafirisha kabla hamjawasilisha maombi. Ghala liwe kavu na lenye hewa, ncha za betri za lithiamu zifungwe kwa utepe, na zile zilizovimba zitengwe katika chombo chenye mchanga.

Usafiri hula fedha kuliko wengi wanavyodhani, hasa kutoka Kilindi na milima ya Lushoto. Njia ninayoiamini ni kukubaliana na wauzaji wa sola, ili gari linalopeleka bidhaa mpya lirudi na mbovu badala ya kurudi tupu. Makubaliano hayo yaguse pia mitambo inayouzwa kwa kulipa kidogo kidogo, maana kifaa ambacho kampuni imekifungia kisiwake hadi malipo yakamilike hakitengenezeki mpaka kampuni yenyewe ikifungue. Orodha za wateja mtakazopewa zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Mwisho ni fedha zenyewe. Ruzuku nyingi hutolewa kwa awamu, baada ya kazi fulani kuthibitishwa, kwa hiyo kikundi kinahitaji akiba ya kulipa mafundi na madereva wakati kinasubiri. Wafadhili nao hawadumu: shindano la Global LEAP la mwaka 2019 lililohusu taka za sola lilisaidiwa na USAID, shirika la misaada la Marekani, ambalo lilifungwa mwaka 2025. Andiko lioneshe ni nani atakayelipia kilo ya lithiamu katika mwezi wa kwanza baada ya ruzuku kuisha, na jibu hilo liwe jina la kampuni na kiasi cha shilingi, katika mkataba uliokwisha kutiwa saini.