Somo: Kusoma jiwe la kaburi la Kigiriki la Wakristo wa kale

Wakuu, ukishajua alfabeti tu, mawe haya yanasomeka. Maneno yake ni machache, yanajirudia.

1. Sahau Σ ya vitabuni. Kwenye mawe mengi ya enzi hizo ni C, kama mwezi mwandamo, na Ω huchongwa kama W. Maneno hayaachiwi nafasi.

2. Anza na ΕΝΘΑΔΕ, yaani "hapa". Baada yake tarajia ΚΕΙΤΑΙ, "amelala". Lakini mara nyingi utakuta ΕΝΘΑΔΕΚΙΤΕ, na hapo ndipo wengi hukwama wakifungua kamusi. Mchongaji aliandika alivyosikia: ΕΙ ilishatamkwa "i", ΑΙ ikawa "e". Ni kama mwenzetu anayeandika "zambi" akimaanisha dhambi. Dawa ni kusoma kwa sauti. Mimi husoma hata mara tatu.

3. Jina, kisha umri. ΕΖΗCΕΝ ΕΤΗ ΛΕ: aliishi miaka 35. Λ ni 30, Ε ni 5.

4. Kistari juu ya herufi mbili mara nyingi ni ufupisho mtakatifu, yaani jina takatifu lililofupishwa: ΘC ni ΘΕΟC, Mungu.

Maswali

*Mkuu, jiwe lisipo na msalaba nitajuaje ni la Mkristo?*
Usikimbilie. Wayahudi wa Roma nao waliandika "hapa amelala", tena wakaongeza "usingizi wake uwe wa amani". Tafuta mchoro: kinara cha matawi saba ni chao.

*Na lile la Licinia Amias, Roma? Juu lina D M, si miungu hiyo?*
Ndiyo, ni Kilatini, "kwa miungu ya wafu". Ila chini yake kuna ΙΧΘΥC ΖΩΝΤΩΝ, "samaki wa walio hai", na samaki wawili pamoja na nanga. Herufi za ΙΧΘΥC ni herufi za kwanza za maneno ya Kigiriki: Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, Mwokozi. Ni la karne ya 3. Kwangu mimi, D M ilikuwa mazoea ya makaburini tu.

*Afrika yapo?*
Tele, Nubia, Sudan ya leo. Georgios, askofu mkuu wa Dongola, alifariki 1113 na jiwe lake ni la Kigiriki. Huko sala hufunguliwa na "Mungu wa roho na wa wote wenye mwili", halafu marehemu anaombewa apumzike kifuani mwa Ibrahimu, Isaka na Yakobo.