Kinga ya baridi kwenye bruda ya umeme: namna ya kupanga kidhibiti cha pili

Kwenye nchi za theluji, mitambo ya kupasha joto majengo huwekewa kinga: joto likishuka hadi karibu nyuzi 5, mtambo unawaka wenyewe hata kama umezimwa, ili maji yasigande na kupasua mabomba. Dodoma mabomba hayagandi. Lakini Juni na Julai usiku hushuka hadi nyuzi 13 hivi, upepo unapenya kwenye maturubai, na kifaranga wa siku mbili hawezi kujipasha joto mwenyewe. Bruda (banda la kulelea vifaranga kwa joto la taa) yenye kidhibiti joto kimoja tu, mimi naiona haina kinga. Weka cha pili.

Utahitaji vidhibiti viwili vya STC-1000, kila kimoja na sensa yake, breka yake na taa zake. Sababu ni hii: sensa ikikatika, kifaa hiki huandika EE, hupiga mlio na kuzima kila kitu, taa za joto zikiwemo. Reli yake (swichi ya ndani inayowasha taa) inabeba ampea 10, kwa hiyo taa nne za wati 250 ni sawa kabisa. Ukikaribia wati 2,000, tumia kontakta (swichi ya kubeba umeme mkubwa). Kazi ya waya mwachie fundi umeme.

Hatua ya 1: hakiki sensa. Ponda barafu, jaza kikombe, ongeza maji kidogo, koroga, kisha tumbukiza sensa dakika tano. Isome 0. Ikisoma 1.2, ingiza -1.2 kwenye F4, mpangilio wa kusahihisha kipimo (namna ya kuingiza iko Hatua ya 3). Wafugaji wengi huiruka hatua hii, halafu wanashangaa vifaranga wamelundikana ilhali kioo kinaonyesha 33.

Hatua ya 2: ning'iniza sensa. Zote mbili zikae pamoja, usawa wa mgongo wa kifaranga, sentimita 5 hadi 8 juu ya maranda. Zisiwe chini ya taa moja kwa moja wala zisiguse ukuta. Sensa iliyofungwa kwenye nguzo usawa wa macho ya mtu inapima hewa ya moto iliyopanda, na kifaranga haishi huko.

Hatua ya 3: kidhibiti kikuu. Bonyeza S sekunde tatu mpaka F1 itokee, yaani joto la kuzimia taa. Shikilia S huku ukibonyeza mshale hadi 33. Nenda F2, yaani nyuzi za kushuka kabla taa hazijawaka tena, weka 1. Taa zitawaka joto likifika 32 na kuzima likifika 33. Bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja ili kuhifadhi. Ukikaa sekunde 10 bila kugusa kitu, kinatoka na ulichoweka kinapotea.

Hatua ya 4: kidhibiti cha kinga. F1 iwe 30, F2 iwe 0.5. Hiki kitawasha taa zake kwenye 29.5 na kuzizima kwenye 30. Laini ya taa hizi iunganishwe pia na kengele.

Hapa panahitaji umakini. Kinga lazima izime kabla joto halijafika pale kikuu kinapowaka. Ukivisogeza karibu, mfano 33 na 32.5, vyote viwili vitafanya kazi usiku kucha, na siku taa za kikuu zikiungua hutajua. Kengele ikilia, iwe na maana moja: kikuu kimeshindwa, amka.

Kila wiki punguza nyuzi 3 kwenye vyote viwili, siku hiyohiyo. Ukishusha kikuu hadi 30 na kuiacha kinga ilipo, kengele italia usiku mzima, na kijana wa banda ataikata waya.

Namba ni za kuanzia. Vifaranga ndio kipimo. Wakirundikana chini ya taa na kulia kwa sauti, wanasikia baridi. Wakijitenga pembeni midomo wazi, punguza.

LUKU (umeme wa kulipia kabla) ikiisha, vidhibiti vyote vinalala. Jiko la mkaa liwashwe nje, liingizwe likiwa limekolea, na uwazi wa juu wa banda ubaki wazi: kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na inaua watu pia.

Hatua ya 5: jaribu kabla vifaranga hawajafika. Fanya saa kumi alfajiri, baridi ikiwa kali. Zima breka ya kikuu, kaa uangalie. Joto lishuke, kwenye 29.5 taa za kinga ziwake na kengele ilie, kisha joto lipande mpaka 30. Likiendelea kushuka, taa za kinga hazitoshi: ongeza taa au zidisha turubai upande wa kusini-mashariki, kisha rudia.